Wivu wa Wa Kwanza

Sehemu ya Saba

Haya, nimerudi. Najua mmenisema wiki nzima. Msomaji mmoja wa Tandahimba amenitumia ujumbe kwa herufi kubwa tupu: "MWANDISHI GANI ANAMWACHA MTOTO WA WATU NA MPIRA MKONONI SIKU SABA?" Mama yangu, nisamehe. Tumtue mzigo sasa hivi.

Mambo yalikuwa hivi. Newala, uwanja wa saruji wa mpira wa kikapu, jua la saa tisa. Zimebaki sekunde nne. Timu ya Gerezani Radi ya Dar es Salaam pointi sitini na moja, kombaini ya Masasi na Newala pointi sitini. Na Alfredi yuko chini ya goli na mpira, peke yake, hana wa kumzuia.

Huyu Alfredi ni mchezaji wa Radi, tena analipwa. Lakini siku hiyo Kocha Huruma alimvua jezi akamwambia acheze na vijana wa kwao dhidi ya timu yake mwenyewe.

"Mwaka wako wa majaribio umeisha," kocha alimwambia. "Nataka kuona kama unaweza kumaliza mechi ngumu bila kushikwa mkono. Ukimaliza, mkataba wa miaka mitatu uko kwenye begi langu. Usipomaliza, nafasi ni moja na wanaoitaka ni wengi."

Sasa kumaliza kwenyewe kumebaki kunyanyua mikono tu aweke. Mtoto wa darasa la pili angeweka.

Hapo ndipo Ambrosi, aliyekuwa kona ya kulia amebanwa na majitu mawili ya Radi, alipopaza sauti:

"Wa kwanza!"

Alfredi akageuka. Akamrushia pasi!

Uwanja mzima uliguna. Ambrosi akaudaka mpira, akaruka, akautupa huku anaanguka chali. Ukagonga ubao. Ukazunguka kwenye chuma mara moja, mara mbili, ukaingia. Filimbi ikalia. Sitini na mbili kwa sitini na moja, kombaini wameshinda!

Watu walimbeba Ambrosi juu juu. Akiwa huko juu, mabegani kwa watu, alimtafuta mtu mmoja tu, mchumba wake Salome, yule fundi cherehani wa mtaa wa Mkomaindo, Masasi, aliyeshona namba za jezi zao. Akamwona karibu na benchi.

Salome hakuwa akimtazama yeye. Alikuwa akimtazama Alfredi.

Ambrosi akawaambia wamshushe. Kafunga yeye, kabebwa yeye, na bado macho ya Salome yako kwa yule yule!

Ninyi wa mbali mnajiuliza, neno gani hilo la kumfanya mtu mzima aachie ulaji wake mwenyewe? Sogeeni niwaibie siri kidogo. Wazee wa Mkunya wakiniuliza nitasema nilisikia kwa watu.

Miaka kumi iliyopita, kijijini Mkunya, vijana kumi na wanne waliingizwa likumbini, kambi ya jando, nyuma ya mikorosho. Lilikuwa likumbi la Kikristo, padri anakuja kusalisha asubuhi na kisu alikishika tabibu wa zahanati. Ambrosi, miaka kumi na mitatu, alijitokeza wa kwanza na hakulia. Alfredi, mtoto wa mama yake mdogo, miaka kumi na mmoja, aliletwa wa mwisho, amebebwa, na alilia mpaka ndege walihama.

Kuanzia siku ile Ambrosi akawa "wa kwanza" wao. Ugali anamega yeye kwanza. Na akiita kwa cheo chake mbele ya watu, wa mwisho anaacha alichoshika na kumpa. Waliapa hivyo. Wengi wakishakua hulifanya jambo la utani, harusini mtu anamnyang'anya mwenzake firigisi na watu wanacheka. Alfredi hakuwahi kulifanya la utani.

Na kuna la pili. Mambo ya likumbini hayatajwi mbele ya mwanamke. Ikilazimika kuyatoa nje, wa kwanza ndiye afungue mdomo. Mwingine yeyote akitangulia kusema, amejitoa kwa wenzake wote.

Na Kocha Huruma, ndugu zangu, ni mwanamke. Msukuma wa Mwanza, mfupi, hacheki hata akitekenywa.

Alimfuata Alfredi pale pale chini ya goli.

"Kwa nini hukupiga?"

"Niliona yuko wazi, kocha."

"Wazi? Alikuwa na watu wawili mgongoni!"

Alfredi akainama kuuokota mpira.

"Mwaka mzima nakulea," kocha alisema. "Sekunde za mwisho unatafuta wa kumbebesha. Mimi sina kazi na mchezaji mwoga." Akamgeukia Ambrosi, ambaye watu walikuwa wamemshusha. "Wewe una miaka mingapi?"

"Ishirini na mitatu."

"Unafanya kazi gani?"

"Kibarua wa ghala la korosho, Masasi. Nabeba magunia."

"Mtu anayefunga huku anaanguka hatakiwi kubeba magunia. Kitambulisho unacho?"

"Ninacho, kocha."

"Njoo nacho kwa Mzee Anderson. Ametukaribisha chakula. Basi langu linaondoka saa kumi na moja, na nina kiti kimoja."

Jamani! Ambrosi alitamani kucheka na kulia kwa pamoja.

Msimwone mbaya bure. Nani alimfundisha Alfredi kudunda mpira? Ni yeye, likizo kwa likizo, kule Mkomaindo. Na mwaka jana mtu wa Radi alipokuja Masasi kutafuta vipaji, alikuja kumwona nani? Ambrosi! Siku hiyo Ambrosi alikuwa kitandani anatetemeka kwa malaria. Alfredi alikwenda kupeleka taarifa kwamba kaka anaumwa, wakamwambia hebu rusha na wewe tuone. Akaenda mjumbe, akarudi mchezaji.

Tangu hapo ni Alfredi, Alfredi, Alfredi. Stendi ya Masasi wamebandika picha yake kubwa, meno nje. Vijana wa bodaboda hawamwiti tena Ambrosi kwa jina. Wanamwita "kaka yake Alfredi". Kila wakimwita hivyo anaitika, anatabasamu, na roho inamuuma mpaka anakosa hamu ya kula.

Njiani kwenda kwa Mzee Anderson, Salome alimfikia. 

"Hunipi hongera?" Ambrosi akaanza.

"Hongera."

"Ndiyo hongera gani hiyo?"

"Nilikusikia ukiita."

Ambrosi akasimama. "Umesikia nini?"

"Nilichosikia ndicho ulichosema."

"Hayo si mambo ya wanawake, Salome."

"Basi mmejidanganya. Sisi tunayajua yote, tunanyamaza kwa adabu tu. Mama yangu ndiye aliyekuwa akiwapikia ugali huko likumbini, au mlidhani ulijipika wenyewe?" Akamtazama usoni. "Ulimwita kwa sababu ulimwona wazi. Ungekuwa wazi wewe, usingemwita."

"Na wewe uwanja mzima ulikuwa unaita jina la nani? Nilikusikia! Alfredi! Alfredi! Mimi mchumba wako nilikuwa humo humo ndani!"

"Nilimwita aliyekuwa na mpira."

"Siku zote ndiye mwenye mpira!"

Sauti ilimtoka kubwa kuliko alivyotaka. Mama mmoja aliyekuwa akianika makopa ya muhogo akainua kichwa. Salome akashusha sauti.

"Ambrosi, mimi nimekupenda ukiwa na gunia begani. Sijawahi kutaka picha yako stendi. Ila wewe unataka niitazame picha ya mwenzio halafu nikuhurumie. Nimechoka."

Akatangulia zake. Ambrosi akamfuata nyuma, amenuna.

Mzee Anderson ni ndugu wa mama zao wote wawili, mjomba wao, mwalimu mstaafu na mzee wa kanisa. Ndiye aliyewalea likumbini. Alikuwa mlangoni amevaa koti la Jumapili.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Ingia. Mgeni ameshakula, anakusubiri."

Alimkazia Ambrosi macho. Mjomba naye alikuwa uwanjani, na masikio yake ni mazima. Lakini mambo yale si ya kuulizwa mbele ya mgeni, akampisha aingie.

Sebuleni, Kocha Huruma alikuwa ameketi mezani. Mifupa ya kuku ilikuwa pembeni na mbele yake karatasi mbili. Alfredi alikuwa amekaa kwenye kigoda karibu na ukuta, jasho halijamkauka, mpira ameusukumia chini ya meza. Ambrosi alipoingia, Alfredi aliinuka mpaka kaka yake alipopata kiti. Salome akasimama kwenye mlango wa uani.

"Mzee, asante kwa kuku, ila dereva wangu hana subira," kocha alisema. "Karatasi hii ni mkataba wa miaka mitatu, una jina la Alfredi. Hii nyingine ni ya majaribio, haina jina. Naondoka na moja." Akamgeukia Alfredi. "Nakuuliza mara ya mwisho. Kwa nini hukupiga?"

Alfredi aliinua uso. Alimtazama Ambrosi, akangoja.

Kila mtu sebuleni isipokuwa kocha alijua anangoja nini. Mjomba alijua. Salome alijua. Ambrosi alijua kuliko wote. Neno moja tu kutoka kwake, "alinipa kwa sababu nilimwita," na Alfredi angesaini karatasi yake akapanda basi.

Ambrosi akatazama dari.

"Nimeshasema, kocha," Alfredi akajibu polepole. "Niliona yuko wazi."

"Ambrosi, wewe umekua naye. Huyu ni mwoga?"

Ambrosi alifumba macho. Aliona stendi ya Masasi, aliona picha nyingine pale ukutani, aliona vijana wa bodaboda wakimwuliza Alfredi, "Wewe si ndugu yake Ambrosi?"

"Ndiyo, kocha," akasema. "Tangu utoto."

Salome alivuta pumzi kwa nguvu. Mjomba akakohoa kikohozi kisichokuwepo. Alfredi hakutikisika.

Kocha akaikunja karatasi yenye jina la Alfredi, akairudisha kwenye begi. Karatasi nyingine akaisukuma mbele ya Ambrosi na kalamu juu yake.

"Andika jina lako kamili hapo juu."

Ambrosi akashika kalamu.  Akaandika herufi ya kwanza. Akaandika ya pili.

Alfredi akasogea, akaja kusimama kando yake.

"Hongera, kaka," akasema, na sauti yake haikuwa na kinyongo hata chembe. "Ukifika kambini, usikubali kitanda cha mlangoni, kina kunguni. Chukua cha dirishani, kilikuwa changu, waambie nimekuachia. Na chai ni saa kumi na mbili kamili. Kocha anafunga mlango."

Hapo ndipo kitu kilipompasuka Ambrosi.

Angetukanwa, angemaliza kuandika. Angelaaniwa, angesaini na kupiga muhuri. Lakini huyu anampa kitanda! Amempa pasi, amempa mkataba, amempa nafasi yake mjini, sasa anampa na kitanda chake! Hata kwenye kuporwa, Alfredi ndiye mkubwa na Ambrosi ndiye mwombaji!

Akaitupa kalamu. Ikagonga ukuta.

"Nyamaza!"

"Kaka, nimekosa nini?"

"Nyamaza, nimekwambia! Umenipa! Kila kitu umenipa wewe! Nani amekuomba kitanda?" Akamgeukia kocha, macho mekundu. "Kocha, nimekudanganya. Huyu si mwoga. Nilimwita. Nilimwita kwa neno la likumbini, na amefungwa kwa kiapo, lazima anipe nikiita."

"Ambrosi!" Mjomba aliruka kutoka kitini. "Mbele ya mwanamke!"

"Mzee Anderson," kocha alisema bila kugeuza shingo, "hapa mimi ni kocha. Kijana, endelea."

Ambrosi akaendelea. Alisema yote, kisu, kiapo, wa kwanza na wa mwisho, na kwa nini Alfredi asingeweza kujitetea hata angenyongwa. Mjomba alijifunika uso kwa viganja. Salome pale mlangoni alijifanya haelewi, kwa adabu.

Kocha alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo leo mmenichezea jando ndani ya uwanja," akasema. Akafungua begi, akaitoa ile karatasi, akainyoosha juu ya meza. "Vizuri. Alfredi, njoo usaini, tuondoke."

"Hapana!" Ambrosi akapiga meza. Mifupa ya kuku ikaruka.

"Hapana nini tena? Si umesema mwenyewe?"

"Sikusema ili asaini!"

"Ulisema ili iweje?"

Ambrosi alihema. Na kwa mara ya kwanza tangu hadithi hii ianze, akasema kilichokuwa moyoni mwake bila kukipaka rangi.

"Namwonea wivu," akasema. "Ndiyo, namwonea wivu mpaka nakosa usingizi! Nafasi hii naitaka. Lakini sitaki kupewa na yeye. Nataka kumnyang'anya! Twende uwanjani sasa hivi, mimi na yeye tu, goli moja. Atakayefika pointi kumi na moja ndiye apande basi."

Kocha Huruma akatazama saa yake.

"Nina dakika arobaini," akasema. "Na nilichokuja kukiona leo sijakiona. Alfredi, mkataba ni wako. Unaweza kusaini ukaenda zako, hakuna atakayekulaumu. Unasemaje?"

Alfredi aliipa meza mgongo. Alimgeukia Ambrosi.

"Siwezi kucheza na wewe, kaka. Ukiita, nitakupa."

"Sitaita." Ambrosi akamgeukia mjomba wake, akapiga goti moja. "Mjomba, wewe ndiye uliyetulea. Mbele yako namfungua. Kuanzia sasa mimi si wa kwanza wake, na yeye si wa mwisho wangu. Adhabu ya kusema mbele ya mwanamke nitaipokea baadaye, hata mkiniita Mkunya mbele ya wazee."

Mzee Anderson alishusha viganja usoni. Kisha akatikisa kichwa kukubali, kama mtu aliyeombwa kitu asichopenda kutoa.

"Amefunguliwa," akasema.

Alfredi alisimama pale akimtazama kaka yake. Uso wake ulikuwa ule ule wa siku zote, wa upole, ila kuna kitu kilikuwa kinaondoka humo.

"Umenifungua kweli, kaka?"

"Kweli."

"Kweli kabisa? Nicheze ninavyojua?"

"Si ndicho ninachotaka?"

"Hata mbele ya Salome?"

Swali lile alilitoa taratibu, bila kejeli, kama mtu anayeuliza kwa sababu anamwonea huruma mwenzake. 

Na hapo hapo, Ambrosi akiwa amepiga goti sebuleni kwa mjomba wake, jambo moja lilimjia ambalo miaka kumi hakuwahi kulifikiria. Zile mechi zote za wawili kule Mkomaindo, mia, mia mbili, alizomfunga Alfredi tangu watoke likumbini. Hakuwahi kupoteza hata moja. Hata likizo iliyopita Alfredi aliporudi kutoka Dar es Salaam, mchezaji wa kulipwa, wakacheza, na Ambrosi akashinda, akajigamba ghalani wiki nzima.

Alizishinda? Au alipewa?

Akamtazama Salome. Salome akageuza uso upande wa pili, na ndipo Ambrosi alipoelewa kwamba mchumba wake alikuwa anajua siku zote.

"Twende basi," kocha akasema, akiinuka.

Alfredi aliuchukua mpira chini ya meza. Akainama akakaza kamba za viatu, mguu huu, mguu ule. Kisha akatangulia kutoka mlangoni. Tangu likumbini hajawahi kupita mlango wowote mbele ya Ambrosi, na sasa alipita bila kugeuka.

Ambrosi alibaki ameshika ukingo wa meza. Huko nje mpira ulianza kudundwa kuelekea uwanjani, haraka haraka, kwa namna ambayo hakuwahi kuisikia kutoka mikono ile.